Monkey Man: Tazameni viganja vyake

Salaam aleikum, watazamaji wangu. Niko nyumbani Kibokoni, feni inazunguka, mniwie radhi kwa mvumo wake. Leo nawaletea Monkey Man, ya mwaka 2024. Kaiongoza Dev Patel, na mhusika mkuu ni yeye mwenyewe. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza. Na kabla hamjaniuliza huyu Mhindi wa London atuhusu nini, wazazi wake wote wawili ni wazaliwa wa Nairobi.

Ni kijana tusiyeambiwa jina. Usiku huvaa kinyago cha nyani, akaingia ulingo wa siri kupigwa kwa malipo. Akitoka damu, huongezwa. Viganja vyake vina makovu ya moto, na siri ya makovu hayo twaipata kidogo kidogo: kijiji cha msituni, mama anamsimulia mwanawe kisa cha Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani, yule aliyeliona jua akadhani ni embe bivu, akaruka kwenda kulila. Kisha wanakuja polisi. Hapo sisemi zaidi.

Nawaomba mlinganishe mapigano. Lile la kwanza la kisasi, chooni mwa jumba la matajiri, jamaa avurunda kabisa. Anateleza, anang'ang'ania, hasira imemtangulia na mwili hauifikii. Sinema nyingi za ngumi humpa shujaa ushindi mapema. Huyu anaponea chupuchupu, akaokotwa na jamii ya hijra, ndivyo waitwavyo India watu wa jinsia ya tatu, waliotengwa na wanaoishi hekaluni, wakamuuguza.

Hapo ndipo nilipoipenda filamu hii kwa moyo wote. Mpigaji tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, pale hekaluni ni Zakir Hussain mwenyewe, fundi aliyefariki Disemba 2024. Kijana anafanya mazoezi ya ngumi kwa gunia, tabla inamwongoza, anakosea, anarudia, mpaka ngumi na tabla zikawa kitu kimoja. Sisi tuliolelewa na taarab ya Juma Bhalo, tabla si ngeni masikioni mwetu. Mamangu alikuwa ameondoka sebuleni kwa sababu ya damu. Alipoisikia, alirudi akaketi mkekani. Baada ya hapo kijana hapigani tena kama mtu anayezama. Uchungu ni ule ule, ila sasa una mizani.

Na yale mateke ni yake. Patel amecheza taekwondo tangu utotoni, ana mkanda mweusi. Ilikuwa wapige picha India, corona ikazuia, wakahamia Batam, Indonesia. Huko akavunjika mkono, na kazi ikaendelea.

Kasoro zipo. Kamera yatikisika mno, hasa mwanzoni kwenye ile mbio ya tuktuk. Mimi napanda tuktuk kila siku na bado kichwa kiliniuma. Na Sita, binti wa kwenye lile jumba la matajiri, anayeigizwa na Sobhita Dhulipala, ana macho yanayobeba hadithi nzima, lakini mwandishi hakumpa maneno. Hilo liliniuma, kwa sababu na yeye ni mtu aliyedhulumiwa, na tungemsikia.

Ni dakika 121. Watoto wakalale kwanza, damu ni nyingi na kuna kumbukumbu moja ya mama ambayo hata mimi niliitazama kwa shida. Ikifika ile sehemu ya tabla, ongezeni sauti. Halafu niandikieni hapo chini: mlipoviona vile viganja mara ya kwanza, mlidhani vimeungua vipi?