Sensa ya Hall "iliyokarabatiwa" ya R1100RT: nyota moja, na hata hiyo nawapa kwa shingo upande

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: usinunue hii sensa wanayoiita imekarabatiwa upya mpaka uwe umechana ala ya waya wake ukaona kilichomo ndani. Basi. Wenye haraka safari njema, tuliobaki tuendelee maana mimi bado hasira hazijanishuka.

Pikipiki ni BMW R1100RT, zile zilizotoka kuanzia 1995 hadi 2001 kabla ya 1150 kushika zamu. Habari za uzito na nguvu za injini zipo kila mahali, siandiki. Nachotaka ujue ni kwamba ni pikipiki ya safari ndefu ambayo mtu mwenye spana zake na subira kidogo anaihudumia mwenyewe nyumbani karibu yote. Silinda zimechomoza huku na huku, kurekebisha valvu unakaa tu kwenye stuli, unafungua kifuniko, unapitisha fila (kile kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.15 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi, injini ikiwa imepoa kabisa, umemaliza. Oili ya injini, ya gia, ya difu ya nyuma, unamwaga mwenyewe. Mipira ya breki ya zamani niliitoa nikaweka ya chuma kilichosukwa, na filta ya petroli inayojificha ndani ya tangi (aliyeiweka mule ndani sijui alikuwa na ugomvi na nani) nayo nilibadilisha. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama najua kushika spana inaniuma, mtaona mbele kwa nini nasema hivi.

Sasa kuna ugonjwa mmoja wa hizi pikipiki, wenye nazo wanaujua, asiyeujua mvua itamfundisha. Mbele ya injini, nyuma ya puli ya chini inayozungusha mkanda wa alteneta, kuna kisahani chenye sensa mbili ndogo, ndizo hizo za Hall. Hizo ndizo zinaiambia kompyuta krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) imefika wapi, na bila taarifa hiyo kompyuta haijui itoe cheche saa ngapi wala petroli saa ngapi. Sensa zenyewe ngumu kufa. Kinachokufa ni waya, kwa sababu umekaa palepale kwenye joto la injini mwaka nenda mwaka rudi, plastiki inayofunika zile nyaya ndogo inakauka, inapasuka, shaba inabaki uchi. Kukiwa kukavu huoni kitu. Maji yakiingia tu, mshale wa rpm, yaani wa mizunguko ya injini kwa dakika, unaanza kurukaruka, injini inakohoa mara mbili tatu, kimya. Unasukuma pembeni, unangoja, inakauka, unawasha, inawaka kama vile haijakufanyia chochote. Ndio maana wengi wanahangaika na betri, plagi, pampu ya petroli, wanamaliza hela zote na ugonjwa uko palepale.

Yangu ilianza hivyo, mwaka jana hivi kama sio mwishoni mwa mwaka juzi. Nikaiwasha ikiwa imesimama, nikachukua chupa ya kunyunyizia maji nikapuliza pale mbele kwenye kifuniko cha mkanda, haikuchukua muda ikazima. Jibu nikawa nalo. Nikavua plastiki za pembeni, nikanyanyua tangi, nikalegeza alteneta, mkanda nje, gia ndani na mke wangu amekanyaga breki ya nyuma ili injini isizunguke wakati nafungua bolti ya puli, puli nje, kisahani hicho hapo. Nilipoupinda waya kidogo tu ile plastiki ikadondoka vipande kama maganda ya karanga, ndani nyaya zimegusana. Kwa waya wa zaidi ya miaka ishirini sina lawama, umefanya kazi yake.

Hapo una njia tatu. Unaagiza sensa mpya orijino, ambayo ukisikia bei yake utaomba kiti. Au unanunua waya wa Tefloni kwa mita unaunga mwenyewe kwa lehemu, watu wengi wamefanya hivyo. Au unanunua iliyokarabatiwa, yaani mtu amechukua kisahani cha zamani akakisafisha na kukiwekea waya mpya, unapachika unaondoka. Nikaenda na ya tatu maana nilikuwa na safari mbele yangu na tangazo la hao jamaa lilikuwa tamu kweli. Waliandika waya ni wa Tefloni, hauyeyuki kwa joto la injini. Na chini yake wakaandika, nanukuu, "Rahisi kufunga nyumbani, huhitaji fundi." Hii sentensi ya pili ishike, usiiachie.

Mzigo ulivyofika, aisee, nilifurahi. Kisahani kinang'aa, ala nyeusi imenyooka, kiunganishi cha mwisho kimekaa sawa na kubana vizuri. Nilimwonyesha mpaka jirani ambaye hana hata baiskeli. Kufunga hakukunipa shida. La kuwa makini ni moja tu, matundu ya skrubu za kile kisahani ni marefu, kinaweza kuzungushwa huku na huku, na ukikizungusha umehamisha muda wa cheche. Kwa hiyo kabla ya kutoa cha zamani unakwaruza alama kwenye kisahani na kwenye injini vikiwa bado pamoja, kipya unakifuatisha mulemule. Mimi nikaenda mbali zaidi, nikatoa kizibo cha mpira upande wa kulia wa injini, nikazungusha mpaka nikaona alama ya OT, yaani pistoni imefika juu kabisa, nikahakiki kwa taa ndogo kwamba sensa inawasha pale inapotakiwa kuwasha. Mtu asiniambie nimebahatisha.

Ikawaka mara moja, na kwa muda mrefu tu ikaenda vizuri. Asubuhi inashika bila kubembeleza, barabara kubwa inatulia. Nyota tano nilikuwa nimeshazianza kuandika, kilichonizuia uvivu tu.

Halafu ikaja siku ya foleni. Jua kali, magari hayasogei, hii injini inapozwa kwa hewa na oili na haina feni, kwa hiyo ukisimama muda mrefu joto linapanda na unalisikia mpaka kwenye goti. Hapohapo vikaanguka vimatone vya mvua, hata mvua yenyewe sio ya kuitwa mvua. Mshale ukaruka. Nikasema moyoni hapana, hiki kitu ni kipya. Ukaruka tena, ikazima katikati ya njia, nyuma lori linapiga honi, mimi nasukuma pikipiki inayokaribia kilo mia tatu na masanduku yamejaa. Safari hii ilivyokauka haikuwaka. Kwa hiyo ya kwao ilikuwa mbovu kuliko ile iliyozeeka, maana ile ya zamani angalau ilikuwa inanirudisha nyumbani.

Nikaifungua yote tena, plastiki, tangi, mkanda, puli. Ala ya nje ilikuwa imejibandika kwenye chuma cha injini, ilibidi niibandue kwa kucha. Nikaichana kwa kisu. Ndani, nyaya ndogo zimelainika zikashikana, nyekundu imezama kwenye nyeusi, ukizivuta zinaachana kwa kunyooka kama zimepakwa gundi. Nikawasha pasi ya kulehemu, nikagusisha kwenye kipande kizima ambacho hakikupata joto, kile cha karibu na kiunganishi. Kikayeyuka palepale na moshi mweusi unaonuka. Nikachukua kipande cha waya wa Tefloni wa kweli ambacho ninacho kwenye boksi la makorokoro, nikagusisha pasi ileile, hakuna kitu, kinakuangalia tu. Tefloni inavumilia nyuzi joto 200 na zaidi bila wasiwasi, huu waya wa kawaida wa PVC wengi wake mwisho ni kati ya 70 na 105. Wamechukua waya wa spika huko, wakauvalisha ala nzuri, wakaandika Tefloni. Ni uongo mtupu, jina jingine sina.

Mpaka hapo ningewasamehe ujue. Mtu anaweza kuuziwa waya feki na yeye asijue. Nikawatumia picha na video ya pasi, meseji ya adabu kabisa, "habari za kazi wakuu, naomba mnisaidie." Kimya. Nikatuma tena. Likaja jibu limeanza na "Ndugu mteja mpendwa", mwisho wake ni kwamba bidhaa ikifungwa na asiye fundi aliyeidhinishwa dhamana inakufa. Nikapiga simu.

Akapokea kijana, sauti ya kujiamini. Nikaeleza mwanzo mpaka mwisho. Akauliza, "Sawa kaka, na kazi ya kufunga ulimpa fundi gani?" Nikamwambia nimefunga mwenyewe. Akacheka. Sio kicheko kikubwa, kile cha puani. "Aah, sasa hapo ndio tatizo lilipo mkuu. Kwani wewe ufundi umesomea wapi?"

Nikamwambia waya ukiyeyuka hauulizi nimesomea wapi. Nikamsomea tangazo lao wenyewe, huhitaji fundi, rahisi kufunga nyumbani. Akaniambia hilo ni tangazo tu, la biashara. Tangazo tu! Halafu akaniongezea na ushauri wa bure, "punguza jazba kaka, hizi pikipiki za zamani zinataka watu wavumilivu." Mimi ambaye nimelala chini ya hiyo pikipiki usiku nashikilia tochi kwa meno ndio naambiwa sina uvumilivu, na mtu ambaye nina hakika tangi la RT hajawahi kulinyanyua maisha yake yote. Nilikata simu maana yaliyokuwa yanakuja mdomoni yasingemfaa mama yake.

Na kioja hakijaisha. Siku chache baadaye naingia kwenye tangazo lao, ile sentensi ya kufunga nyumbani haipo. Imefutwa. Neno Tefloni limebaki, sasa limeandikwa "daraja la Tefloni", sijui hilo daraja linakupeleka wapi. Picha ya tangazo la mwanzo ninayo, nilihifadhi, na nikawatumia. Wameisoma, najua wameisoma.

Haya, tuwe wa haki, maana nimeandika kwa hasira mpaka vidole vinauma. Kisahani chenyewe na zile sensa mbili ni nzima. Nilipima moja moja, zinawasha na kuzima vizuri kabisa. Nilikata ule uchafu wao wote, nikalehemu waya wa Tefloni wenye kinga ya kuzuia mwingiliano wa umeme, kila kiungo nikakivalisha mpira wake wa kusinyaa kwa joto, nikatumia kiunganishi kilekile chao ambacho nakubali ni kizuri. Nikarudisha kwenye pikipiki, nikaipasha moto mpaka kipimo cha joto kikapanda nisipopenda, nikaimwagia maji ya bomba pale mbele mpaka jirani akauliza kama naiosha au naiadhibu. Haikutikisika. Tangu siku hiyo imepigwa mvua za kila aina na mshale umetulia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kile kisahani kina thamani, ndiyo kina thamani, hasa kama chako cha zamani sensa zimekufa kabisa na huwezi kufikia bei ya mpya. Kiunganishi hicho kukipata peke yake sio rahisi. Ukikihesabu kama kisahani safi chenye sensa nzima na kiunganishi, bila waya, bei yao inaelezeka. Hapo ningetoa hata nyota tatu. Nilikuwa nimeshaziweka tatu kweli, nikaandika na maneno ya upole ya kuzisindikiza.

Halafu nikakumbuka kile kicheko cha puani. "Kwani wewe ufundi umesomea wapi?" Hapana, nimezifuta mbili. Sisi tunaotunza hizi pikipiki nyumbani ndio wateja wao, mwenye hela ya gereji ya kampuni ananunua mpya hawajui hata wapo. Unawezaje kumcheka mtu aliyekulisha?

Kama bado unataka kununua kwao, fanya hivi siku mzigo unapofika kabla dhamana haijaanza kupigiwa danadana: chana sentimita mbili za ala karibu na kiunganishi, toa waya mmoja, gusisha pasi. Ukiyeyuka, piga video ukiwa hujafunga bado, rudisha, uone watakuuliza umesomea wapi kuchana ala. Na kama una pasi ya kulehemu na mkono usiotetemeka achana nao kabisa, nunua waya wa Tefloni kwa mita utengeneze kile kile cha kwako cha zamani. Mimi changu cha zamani nimeshakitengeneza, kipo chini ya siti kama spea, na nakiamini kuliko cha kwao hata baada ya kukirekebisha mwenyewe.

Hela yangu hawajarudisha. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kile kiunganishi.