Lenzi ya kupigia picha ndege wa nyumbani: uliza kwanza inafokasi kuanzia wapi

Malalamiko ninayoletewa tangu masika iishe yanafanana. Mtu amejibana, amenunua lenzi ndefu ya milimita 600 (milimita zikizidi, ndivyo inavyovuta vya mbali), chozi, yule ndege mdogo mnywa nekta, anatua kwenye ua la mshubiri hatua mbili tu kutoka dirishani, na lenzi inagoma. Inahangaika mbele na nyuma, picha inabaki na ukungu, ndege keshakunywa na kuondoka. Dada mmoja wa Tabata aliniuliza kama ameuziwa mbovu. Si mbovu. Ni Sigma 150-600 Contemporary, na lenzi hiyo haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita 2.8. Aliyemuuzia hakumwambia.

Ndiyo maana hapa siongelei megapikseli wala kasi ya kupiga picha mfululizo. Napanga lenzi kwa jambo moja: kitu kinaweza kusogea karibu kiasi gani kabla lenzi haijashindwa. Ndege wa mbugani unamfuata na gari. Wa nyumbani anakufuata mwenyewe: shore anaoga kwenye beseni, kurumbiza anachakura majani chini ya dirisha la jiko. Na viwanja vyetu vya mjini tunavijua. Kutoka dirishani hadi ukuta wa jirani ni mita tatu, nne ukibahatika. Ukirudi nyuma ili lenzi ikubali, unagonga kabati la vyombo.

Kabla ya kwenda dukani chukua futikamba upime kutoka utakapokaa hadi kwenye ua au beseni. Umbali unaotajwa kwenye maelezo ya lenzi hauanzii kwenye kioo cha mbele, unaanzia kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera. Juu ya kamera nyingi pana alama ya kiduara kilichokatwa na mstari. Pimia hapo.

Ya kwanza kwangu ni Canon RF 100-400, iliyotoka 2021, ya kamera mpya za Canon zisizo na kioo. Canon naipenda, sifichi, lakini hapa hata asiyeipenda atakubali. Ukiwa kwenye milimita 200 inafokasi kuanzia sentimita 88, na ukivuta hadi 400 inakuza kiasi kwamba chozi mzima, ambaye urefu wake ni kama sentimita 10 tu, hatoshei kwenye picha. Kwa ukaribu huo utaona mambo ambayo macho hayayapati: chavua ya manjano iliyomgandia chozi kwenye paji la uso, na koo la dume ambalo kivulini ni jeusi tii lakini akigeukia jua linawaka bluu na zambarau. Ina uzito wa gramu 635, kwa hiyo unaishika dirishani muda mrefu bila mkono kutetemeka. Kasoro yake ni mwanga. Ukivuta mwisho inafika f/8, yaani tundu lake la mwanga ni dogo, basi asubuhi yenye mawingu utalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kuvumilia chengachenga.

Ya pili ni dada yake mkubwa, Canon EF 100-400 toleo la pili, la mwaka 2014, kwa wenye kamera za zamani za kioo (DSLR). Inaanzia sentimita 98. Ni nzito, zaidi ya kilo moja na nusu, lakini inapokea mwanga zaidi na mtumba wake unapatikana. Angalia sana usiuziwe toleo la kwanza la 1998, lile la kuvuta kwa kusukuma mbele na nyuma. Jina linakaribia kufanana, bei wanakupigia ileile, na lenyewe linaanzia mita 1.8. Pia ubavuni mwa toleo la pili kuna swichi ya FULL na 3m. Ikiwa kwenye 3m, lenzi haitajisumbua kutafuta kitu cha karibu. Wengi wanaolia na lenzi hii ni swichi tu.

Sony 200-600 inaanzia mita 2.4. Pamoja na ile Sigma, ni lenzi nzuri za mwewe aliyekaa juu ya mnara wa simu au kuzumburu kwenye kilele cha mpapai. Mwenye uwanja mpana anunue bila wasiwasi. Mwenye kibaraza, hapana.

Sasa Nikon P1000, kamera ambayo lenzi yake haibanduki. Hii ndiyo inayonikasirisha, na kosa si la kamera. Wauzaji wanaipenda kwa sababu ya mwezi. Wanakuonyesha video ya mashimo ya mwezi, wanakutajia milimita 3000, unatoa pesa. Hawakwambii kwamba ukiivuta mpaka mwisho haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita 7. Inabidi urudishe zumu nyuma, na hapo ile 3000 uliyolipia huitumii. Nani nyumbani kwake anapiga picha mwezi kila siku?

Na mambo ya dukani yamenichosha. Ukiomba kuijaribu lenzi, unaambiwa ukifungua boksi umenunua. Bei haijaandikwa popote, inategemea umevaaje. Ile RF haiji na kofia yake ya kukinga jua, inauzwa peke yake, na kuna duka lilinitajia bei ya kipande hicho cha plastiki hadi nikaomba anirudie kuitaja. Usikubali kulipa kabla hujaifunga kwenye kamera. Weka funguo zako juu ya kaunta, simama mita moja, bonyeza nusu. Ikikamata haraka, endeleeni kuongea bei. Ya mtumba, mulika tochi ya simu upande wa nyuma utazame kwa mbele. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi za Dar, Tanga na Mombasa zinayo sana kwa sababu ya unyevu.

Mfuko ukiwa mwembamba na kamera yako ni Canon ya kioo yenye sensa ndogo, tafuta EF-S 55-250 STM. Inaanzia sentimita 85. Hakikisha imeandikwa STM, herufi za aina ya mota yake ya kufokasi. Vile vilenzi vya kubana kwenye simu achana navyo.