Mishale ya kuwindia wapiti: upi ununue, upi uache dukani

Kabla ya mshale, mjue mnyama. Wapiti, ambaye Wamarekani wengi humwita elk, ana pembe za matawi anazozidondosha kila mwaka na kuota nyingine. Dume aliyekomaa hupita kilo 300. Kwa sisi wa Tabora niseme hivi: ni mkubwa kuliko korongo, yule swala na si ndege, ila kwa pofu hafui dafu. Kifua kipana, mbavu nene, na akishtuka anapanda mlima.

Mimi nimekula mshahara wa traka, mfuata nyayo za mnyama, kwenye vitalu vya uwindaji vya Moyowosi, na Ugalla pia, enzi hizo bado ni pori la akiba kabla ya kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kazi ya traka huanza pale mgeni anapoapa kwamba amempiga mnyama penyewe. Mwindaji bingwa anakutazama, wewe unatazama majani. Kwa hiyo mpwa wangu anayeishi Colorado alipokuja likizo na bunda la mishale akasema, "Mjomba, nichagulie, Septemba naingia msituni," nilielewa anachotaka. Upinde aliuacha kwake. Mishale tuliipima kwa tulivyonavyo.

Tuanze na wano, yaani mti wenyewe wa mshale. Alikuja na Easton Axis, ya kaboni, nyembamba kuliko nilivyotarajia, na mengine ya bei ya kutupa aliyoyaagiza mtandaoni, ambayo jina lake sitalitaja. Ubavuni mwa wano kumeandikwa namba: 340, 300 na kadhalika. Hiyo ndiyo namba ya ugumu, na inakwenda kinyume na unavyodhani: ikipungua, wano ni gumu zaidi. Kipimo chake ni rahisi. Unalaza wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, unaning'iniza gramu 880 katikati, unapima limebonyea kiasi gani kwa sehemu za elfu za inchi. La 340 hubonyea kama milimita 8.6, la 300 kama 7.6.

Basi tukapigilia misumari miwili kwenye ubao wa banda la kuku, dukani wakatupimia sukari gramu 880 kwenye mfuko wa kaki, rula tukaazima kwa mtoto wa darasa la nne. Easton zote za namba moja zilibonyea sawasawa, rula haikuona tofauti. Yale mengine kila moja lilikuja na lake. Moja lilizidi mwenzake kwa karibu milimita mbili, na yote yameandikwa 340. Hapo usahau kulenga. Mshale laini kuliko upinde wako unapinda vibaya ukiachiwa upote, na ukipinda ngozini nguvu yote inaishia pembeni.

Uzito tulipima kwa sonara, kwa mzani wa dhahabu, huku wateja wake wakitutazama kama tuna wazimu. Wamarekani hupima mshale kwa greini. Gramu moja ni greini 15.4. Wano la 340 lenye chembe, yaani kichwa cha chuma cha mshale, cha greini 100 lilikuja gramu 27, kama greini 415. La 300, likiwa na kipachiko, kile kipande cha kushikia chembe kwenye wano, cha shaba cha greini 50 na chembe cha greini 125, likapiga gramu 33, yaani kama greini 510.

"Lakini mjomba, ule mwepesi una kasi."

Kasi ya kumuwahi nani? Mwenyewe kasema hatapiga mnyama aliye zaidi ya mita 35, na ana kifaa cha kupimia umbali. Mshale mwepesi hushuka kidogo njiani, ni kweli, na anayekosea kukadiria umbali humsaidia. Lakini mimi nataka utokee upande wa pili. Hili nimeliona kwa risasi na kwa mshale ni lile lile: mnyama akipigwa kutoka juu na tundu likawa moja, damu inajaa kifuani na nje hupati kitu, unafuata nyayo tupu kwenye changarawe. Tundu la pili likiwa chini, anadondosha kila hatua. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu; hiyo unaikuta kwenye ncha za majani, usawa wa paja lako. Nyeusi nyeusi ni ini, kaa chini usubiri. Ukiona ujani na harufu ya utumbo, subiri saa nyingi. Mshale mzito ndio unaopita hadi kule. Tena uzito ukae mbele: tuliulaza juu ya mgongo wa kisu, ule mwepesi ukatulia sentimita 8 mbele ya katikati, mzito zaidi ya 10. Wazee wetu walipachika chembe kizito cha chuma mbele ya kijiti chepesi, na hawakuwa na rula.

Vyembe alileta vya namna tatu. Cha kwanza kina nyembe mbili za kufunguka zinapogonga nyama. Tundu lake ni kubwa, nakubali, lakini kufunguka kwenyewe kunakula nguvu, na kwenye mfupa wa bega la mnyama huyu sitaki kitu chenye viungo. Cha pili, nyembe tatu zisizofunguka, imara. Cha tatu, makali mawili, kipande kimoja cha chuma kinene, kinanoleka. Sheria ya Colorado inataka chembe chenye upana usiopungua inchi 7/8, kama milimita 22, na angalau makali mawili ya chuma, na upinde wa kuvuta si chini ya ratili 35. Vyote vitatu vinapita.

Nilivuta ukanda wa tyubu ya baiskeli kwenye mdomo wa kopo nikausukuma kwa kila chembe. Cha nyembe tatu kilipasua bila kelele. Cha makali mawili, vilevile kilivyotoka kwenye pakiti, kilisukuma mpira ndani kwanza ndipo ukakatika. Baada ya robo saa kwenye jiwe la kunolea kikawashinda wote. Mpwa wangu si mtu wa kunoa, namjua tangu mdogo. Nikamchagulia cha nyembe tatu, cha greini 125.

Kuhusu manyoya sina mengi: ya plastiki, matatu, yamebandikwa kwa kupinda ili mshale uzunguke. Yanatosha.

Easton Axis 300 naipa nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa bei: mshale mmoja unazidi dola 10 kabla hata ya chembe, huku ni jogoo huyo. Ya pili ni kipachiko chake, kinazama ndani kabisa ya wano, kinataka gundi ya kuchanganya na kuachwa usiku kucha, na ukikiweka upande ndiyo imetoka hiyo. Akifika kwake azungushe kila mshale juu ya kioo; ncha ikicheza, huo ni wa mazoezi, hauingii kwenye podo.