Simu inasema tanki limejaa, bomba linatoa upepo

Nyota moja kwa kifaa cha kupima maji ya tanki. Natanguliza hiyo ili asiyetaka maneno mengi aende zake.

Wenye muda, karibuni. Nina jengo la kupangisha hapa Arusha, upande wa Sakina. Familia tisa, na simtanki mbili za lita 5,000 juu ya mnara wa chuma nyuma ya jengo, zimeunganishwa kwa chini. Marehemu mume wangu ndiye aliyejenga, mimi nimerithi wapangaji na makelele yao. Kabla ya kustaafu nilikuwa nesi kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo habari za maji na matumbo sihitaji kufundishwa. Walipokuja vijana wa kampuni fulani (siitaji, wanajijua) wakasema kuna kifaa kinafungwa tangini, kinaleta kwenye simu ujazo wa maji na ubora wake, na pakiwa na hatari kwa afya kinatuma meseji, hawakunibembeleza sana. Ada ya mwezi ni kama gunia la mkaa. Nikalipa. Nikamshawishi na mwenzangu wa vikoba mwenye hosteli ya wanafunzi kule Njiro, naye akafunga. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, tutalifikia.

Miezi ya mwanzo nilikipenda, sitaficha. Kuna usiku mmoja, saa nane hivi, meseji iliingia: maji yanapungua taratibu wakati jengo zima limelala. Nikatoka na tochi, mimi na babu mlinzi, tukazunguka tukitega masikio mlango kwa mlango mpaka tukafika kwenye chumba kisicho na mtu. Boya la tanki la choo limekwama, maji yanateremka chooni kimyakimya, Mungu ndiye anajua tangu lini. Asubuhi nilimtumia kila ninayemjua picha ya ile meseji, utadhani nimepata mjukuu.

Na ni siku hiyohiyo nilipomwambia babu aache kugonga tanki.

Niwaeleze. Babu ana jiwe lake, la mviringo, la ukubwa wa andazi. Kila alfajiri alikuwa anapanda ngazi, anagonga ubavu wa tanki kuanzia juu akiteremka. Pasipo na maji tanki linalia ngo, ngo, kama ngoma. Akifika kwenye maji sauti inakufa: pu. Hapo anachora mstari kwa mkaa. Na kila Jumamosi alikuwa anafunua mfuniko anachungulia ndani. Nikamwambia, babu, pumzisha magoti, siku hizi simu inaona. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, yeyo." Ndivyo anavyoniita, yaani mama. Babu ana "sawa" yake moja ambayo ukiijua utaogopa. Mimi sikuogopa, nilikuwa nimelewa ile rangi ya kijani ya kwenye simu.

Ikaja masika, au tuseme masika ndiyo ilikuwa inajipanga, maji ya bomba kuu yanakuja kwa mgao. Asubuhi moja akapiga simu Mama Doreen wa juu. "Shikamoo mama. Samahani, huku maji hakuna, na yale kidogo yaliyotoka yananuka."

Nikafungua simu. Ujazo: asilimia 91. Ubora: SALAMA, kwa kijani, na kile kitone chao cha maji kinachotabasamu. Nikamjibu kwa sauti ambayo nikiikumbuka usiku nageuka ubavu. "Mwanangu, maji yapo tele. Angalia koki yako."

"Mama, nimefungua bomba linatoa upepo."

"Basi ita fundi. Kifaa hakiwezi kudanganya."

Mimi hayo! Mtu niliyefundisha wanafunzi wangapi wodini kwamba mgonjwa akisema anaumwa, usimuoneshe karatasi ya vipimo umwambie haumwi.

Kufika saa nne walikuwa wameshapiga watatu. Nyumba mbili kati yao watoto walikuwa wanaharisha tangu jana yake. Sitasema ni maji, sina kipimo, na mpera wa jirani ulikuwa unamwaga mapera mabovu uani ambayo watoto wanaokota kama kuku. Lakini moyo wangu ulishaanza kwenda mbio. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Sasa msikilize.

"Mama, kwa upande wetu mfumo unasoma vizuri."

"Upande wenu uko wapi, baba? Mimi niko upande wa bomba."

"Naona hapa tanki lina asilimia 91."

"Bomba ni kavu."

"Inawezekana mama hujaelewa namna ya kusoma hiyo programu. Kuna kijana hapo karibu akusaidie?"

Jamani. Kitinda mimba wangu ana watoto watatu. Mimi nimehesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi, umeme umekatika, tochi nimeibana kwapani, na mgonjwa akaamka. Leo niitiwe kijana anisomee namba 91! Na hakusema kwa ukali, hilo ndilo baya. Alisema kwa ule upole wa kumwambia bibi kizee asogee barabarani. Nikamwambia aje mtu apande juu atazame. Akasema atanifungulia tiketi. Tiketi ya nini, ya kwenda Moshi? Nikakata simu, mkono unatetemeka.

Kumbe babu hakungoja tiketi. Nimetoka nje nasikia ngo. Ngo. Ngo. Anashuka na jiwe lake hatua kwa hatua, ngo, ngo, mpaka karibu na kitako cha tanki ndipo ikasema pu. Hakuniangalia. "Yeyo, hapa hamna kitu."

Nikavua ndala, nikapanda mwenyewe, miaka 64 na goti langu la kushoto. Nieleze nilichokiona polepole maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Wakati wa kufunga kifaa walitoboa mfuniko, na tundu walilotoboa ni kubwa kuliko kifaa. Pembeni pamebaki uwazi unaopitisha kidole, hawakuziba hata kwa gundi. Nikafunua. Maji kama shibiri moja, chini tope, juu yake viluwiluwi wanajikunja na kujikunjua, na mjusi amekufa, tumbo jeupe limeangalia juu. Tundu hilo lilitobolewa na watu waliokuja kunilinda na hatari za kiafya. Kabla yao mfuniko wangu ulikuwa mzima.

Halafu nikamulika kifaa chenyewe kwa chini. Kama shibiri moja chini ya jicho lake buibui alikuwa amefuma utando, mnene, umeshika matone ya mvuke kila uzi, unameta.

Asilimia 91 ya utando wa buibui.

Maana kile kitu, nilikuja kuelewa baadaye, kwa habari ya ujazo hakioni maji hata kidogo. Kinapiga sauti ambayo sikio la mtu halisikii, kinasubiri mwangwi, kinahesabu umbali. Mwangwi ukichelewa, maji yako mbali, tanki tupu. Ukiwahi, tanki limejaa. Utando ulioloa ukiurudisha mwangwi mapema, kwake hayo ni maji. Kwa hiyo wote wawili wanagonga, babu na kifaa. Tofauti ni kwamba babu akisikia kitu cha ajabu hufunua mfuniko.

Na hiyo SALAMA je? Hapa ndipo nilipochemka kabisa. Kumbe kinachopimwa ni chumvi zilizoyeyuka, basi, kwa ncha ya waya iliyozama chini inayoangalia maji yanavyopitisha umeme. Vijidudu vya kuharisha havimo kwenye hicho kipimo, viluwiluwi hawamo, mjusi hayumo. Klorini haipimwi, ilhali yeyote aliyepita kwenye afya ya jamii anajua maji ya kuhifadhi yakikosa hata ile miligramu 0.2 kwa lita ya klorini iliyobaki, hayana mlinzi. Na floridi, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu meno! Unakuja Arusha unauza kipimo cha ubora wa maji kisichojua floridi? Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, kando ya Mlima Meru, nikicheka tu cheti changu cha kuzaliwa unakiona kwenye meno, kahawia. Floridi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, haina rangi wala ladha, ukichemsha haitoki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kikomo chetu siku hizi ni miligramu 1.5 kwa lita, sawa na cha Shirika la Afya Duniani, zamani tuliruhusiwa mpaka 4. Pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto wanaichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wasomi wanakesha nayo. Halafu wewe na kitone chako: salama.

Mnisamehe, nimepandisha. Lakini nina mpangaji mgeni, katoka Dar, ana mtoto wa miaka mitatu, na meno ya mtoto yanaharibikia huko ndani ya fizi kabla hujayaona. Wenyeji wote wanajua maji ya kunywa wanatafuta kwingine. Yeye alikuwa anampa mtoto ya bombani. Kwa nini? Kwa sababu kila Jumatatu, mimi kwa kidole changu, nilikuwa naweka picha ya kile kijani kwenye kundi la wapangaji. "Wiki njema, maji yetu ni SALAMA." Na kiemoji cha mikono.

Tuliyamwaga, tukasugua tanki zote mbili kwa klorini, tukasuuza, nikanunua boza zima la maji kwa bei ya kuumiza. Nikapanda mpaka kwa Mama Doreen na kilo mbili za sukari. Akapokea, akasema, "Yameisha mama," lakini sasa akinipigia anaanza na, "Nimeshaangalia koki." Kwa mwenzangu wa Njiro nilikwenda kwa miguu nikitafuta maneno njiani. Tukafunua tanki lake. Tundu lilelile. Buibui bado hajafika, alhamdulillahi, ila mbu wameshapaona.

Sasa, nyota moja? Ngojeni.

Tiketi haikujibiwa mpaka leo. Lakini kama siku nne tano baadaye, Jumapili, nimetoka kanisani nakuta bodaboda getini na kijana mwembamba amebeba begi. Ni yule aliyekuja kufunga kifaa siku ya kwanza. Hakutumwa. Alisema amesikia ofisini wanacheka habari ya mama wa Sakina na buibui, ikamkaa vibaya. "Shikamoo mama. Ile tundu ni mimi. Siku ile sikuwa na kipekecho cha saizi yake, nikaambiwa niwahi kazi nyingine." Akapanda. Akaziba uwazi, akaweka wavu wa mbu kwenye bomba la kupumulia ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, akashusha kipande cha bomba la plastiki chini ya kifaa ili sauti ipite humo mpaka kwenye maji. Kisha akaniambia neno ambalo wangeniambia siku ya kwanza ningelipa ada bila kinyongo: "Mama, hiki kinajua umbali. Maji hakiyajui." Nikampa chai na chapati, babu akamshikisha jiwe amfundishe kugonga. Wakacheka. Nami nikacheka, meno yote.

Kwa kijana huyo nyota tano. Kwa kifaa chenyewe, kikifungwa na mtu kama yeye, tatu, na ile rangi ya kijani waifute kabisa, waandike tu namba na kilichopimwa. Nilitaka kukitoa. Kwa wiki nzima fundi wa kukitoa alikuwa anakuja kesho.

Halafu juzijuzi, saa tisa usiku, simu ikatetemeka: ujazo unashuka. Nikamwamsha babu. Sikufungua hata hiyo programu, nilisimama chini ya mnara nimejifunga khanga, yeye juu na jiwe. Ngo. Ngo. Akarudia palepale kwa mara ya pili, tukasikiliza. Kweli, mstari wa mkaa wa alfajiri iliyopita ulikuwa juu zaidi. Mpira wa bustani ulikuwa umechomoka, maji yanakimbilia kwa jirani.

Basi, tatu zibaki. Ila yule wa simu wa "kuna kijana hapo karibu" hajaniomba radhi, kwa hiyo narudisha moja mfukoni.

Mbili.