Glock 43X kwa joto la Kisumu: nyembamba, ila ala (mfuko wa bastola) ni muhimu vilevile

Kwa mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha anayebeba kila siku, sifa kubwa ya bastola ya Glock 43X ni wembamba: milimita 28 tu, na magazini yenye risasi 10 za milimita 9. Glock 19 hubeba 15, lakini hutokeza chini ya shati jepesi, na Kisumu nani avae koti saa nane mchana? Kinachofichua bastola kiunoni ni mpini kuliko mtutu. Pima mpini kwanza.

Wepesi wake una bei: teke, yaani msukumo wa kurudi nyuma unapofyatua, ni kali zaidi.

Haina kitufe cha usalama cha kidole gumba, kwa hiyo ala isiwe ya kubahatisha. Ngozi laini ikilegea, mdomo hukunjika ndani na kusukuma kifyatulio unaporudisha bastola. Upindo wa shati hufanya hivyohivyo. Nunua ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote, pamoja na mshipi usiopinda. Jasho lina chumvi: futa kila jioni, tone la mafuta kwenye reli ambamo sehemu ya juu ya bastola huteleza, risasi zibaki kavu.

Anayependa bastola yenye nyundo ya nje aangalie CZ P-07. Ni nene na nzito zaidi, ila mvuto wa kwanza wa kifyatulio chake ni mrefu, hivyo si rahisi kuifyatua kwa bahati mbaya.