Gari gani la umeme ninunue? Nimeyapanga matano, kuanzia ninaloliamini zaidi

Matangazo ya magari ya umeme hutanguliza namba mbili: kilomita kwa chaji moja, na sekunde za kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Wanunuzi wengi huamua kwa hizo mbili tu. Mimi nimezipa uzito mdogo, na naomba unisikilize sababu kabla hujatoa pesa.

Sekunde hazinisumbui kabisa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu tairi linapoanza kuzunguka, kwa hiyo hata gari la kawaida huondoka kwa wepesi. BYD Dolphin yenye mota ya kilowati 150, gari dogo la familia, hufika 100 kwa sekunde 7. Hapo unapita lori bila wasiwasi. Kulipia zaidi ili upate sekunde 3 ni anasa, na mara nyingi anasa hiyo inakula masafa, yaani zile kilomita kwa chaji moja.

Masafa yenyewe yanategemea nani kapima. Kipimo cha WLTP, kinachotumika Ulaya, ni kipole. Cha EPA cha Marekani ni kikali zaidi. Tesla Model 3 Long Range inayosukumwa na matairi ya nyuma ilitangazwa kwa kilomita 702 kwa WLTP, lakini EPA waliipa maili 363, yaani kama kilomita 584. Ukilinganisha magari mawili, hakikisha kipimo ni kimoja. Halafu kumbuka barabara kuu: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo ukitoka 90 kwenda 120 betri inaisha upesi kuliko unavyodhani. Baridi kali nayo inapunguza. Kwa safari ndefu mimi hukata robo nzima ya namba ya WLTP ndipo nianze kupanga.

Nilichokitazama zaidi ni vitu viwili: gari linakula kilowati-saa ngapi (kipimo cha kiasi cha umeme) kwa kilomita 100, na linachukua dakika ngapi kuchaji kutoka asilimia 10 hadi 80. Juu ya 80 karibu kila gari hupunguza kasi ya kuchaji ili kulinda betri, kwa hiyo safarini watu huchomoa hapo na kuendelea.

1. Hyundai Ioniq 5

Magari mengi hutumia mfumo wa volti kama 400. Hili linatumia 800, na kwenye chaja ya kilowati 350 hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa takriban dakika 18. Unakwenda msalani, unanunua maji, unarudi, gari liko tayari. Toleo lenye betri ya kilowati-saa 84 hufika hadi kilomita 570 kwa WLTP. Ndani sakafu ni bapa na nafasi ya miguu nyuma ni kubwa kweli, kwa sababu kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna mita 3. Lina pia uwezo wa kutoa umeme nje, hadi kilowati 3.6: umeme ukikatika, friji na taa za nyumbani zinaendeshwa na betri ya gari. Kwangu hilo lina thamani kuliko skrini kubwa ya aina yoyote.

Kasoro zipo. Halibani umeme kama Tesla. Na matoleo ya miaka ya mwanzo hayakuwa na waipa ya kioo cha nyuma. Ukinunua lililotumika, zunguka nyuma uangalie. Kia EV6 imejengwa juu ya msingi uleule, ila paa lake liko chini zaidi. Abiria wako warefu ndio watakaoamua.

Angalizo moja kubwa: kama chaja za njia unazopita ni za kilowati 50, volti 800 hazitakusaidia chochote. Hapo namba moja inakuwa gari linalofuata.

2. Tesla Model 3

Kwa kubana umeme, ndilo linaloongoza kwenye orodha hii. Toleo la msingi hutumia kama kilowati-saa 13 kwa kilomita 100 kwa WLTP, shukrani kwa umbo lake la chini linalopasua hewa vizuri. Betri ndogo inakufikisha mbali, na kila unapochaji unalipia kidogo. Mtandao wa chaja za kampuni hiyo nao, palipo nao, unarahisisha safari mno.

Ila kaa kwenye usukani kwanza. Toleo lililotoka 2023 liliondoa mkono wa indiketa na kuweka vitufe juu ya usukani, ingawa mwaka 2025 Tesla ilianza kuurudisha kwenye baadhi ya masoko. Uko kwenye mzunguko, usukani umeukunja, unataka kuonyesha unatoka, na kitufe kimehama pamoja na usukani. Wengine huzoea, wengine hawazoei. Jaribu mzunguko wa kweli, usiishie kwenye yadi ya muuzaji. Na kama umezoea Apple CarPlay au Android Auto, hapa haipo.

3. MG4

Kwa thamani ya pesa, hili ndilo ninalolipendekeza kwa anayenunua gari la umeme mara ya kwanza. Linasukumwa na matairi ya nyuma, linakaa vizuri barabarani, na lenye betri ya kilowati-saa 64 hufika kilomita 450 kwa WLTP. Ndani ni pa kawaida tu. Kuna toleo la XPower la nguvu za farasi 435, sekunde 3.8, lenye betri ileile ya 64, na masafa yake hushuka hadi 385. Ndiyo maana nimesema sekunde zinakula masafa.

4. BYD Dolphin

Kilowati-saa 60.4, kilomita 427 kwa WLTP. Betri yake ni ya aina ya LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti), ambayo ni nzito kidogo na haipendi baridi, lakini huvumilia kuchajiwa hadi asilimia 100 mara kwa mara. Betri za NMC (za nikeli, manganizi na kobalti), zilizo kwenye magari mengi ya masafa marefu, ni bora kuziishia asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Tatizo la Dolphin ni kwamba kwenye chaja ya kasi haipokei zaidi ya kilowati 88. Kwa mjini, sawa kabisa. Kwa anayesafiri kila wikendi, hapana.

5. Nissan Leaf iliyotumika

Ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, kwa hiyo zilizotumika ni nyingi na bei yake iko chini. Ninaiweka humu kwa masharti. Vizazi viwili vya kwanza havina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto huichosha. Chaja yake ya kasi hutumia plagi ya CHAdeMO, ambayo vituo vipya vingi vinaiacha. Kizazi cha tatu kimerekebisha yote mawili, lakini hicho si cha bei hiyo.

Ukienda kuitazama, washa gari na uangalie pembeni mwa kipimo cha chaji. Kuna vipau 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Kikikosekana kimoja tu, usidhani ni kidogo: cha kwanza huanguka betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15. Uliza pia kama waranti ya betri bado ipo na kama inahamia kwa mmiliki mpya. Kwa magari mengi ya umeme ya leo ni miaka 8 au kilomita 160,000, lakini Leaf za mwanzo zilikuwa na muda mfupi zaidi. Muuzaji akikataa usiwashe gari wala kuunganisha kifaa cha kusoma betri, mshukuru na uondoke.