Kupima Sumu Majini kwa Bakteria Wanaong'aa: Kifurushi Hiki Kinafaa Mwanza?

Kifurushi hiki kina vichupa vya bakteria waliokaushwa kwa baridi, aina ya Aliivibrio fischeri, viumbe wa baharini ambao kwa asili yao hutoa mwanga. Wakitiwa maji yake maalumu huamka na kung'aa, na wakikutana na sumu hudhoofika, mwanga ukafifia. Mashine husoma upungufu huo baada ya dakika 5, 15 au 30.

Kwetu tunaochukua sampuli Mto Mirongo na kwenye mifereji ya viwanda, kasi hiyo ni msaada mkubwa, kwa kuwa kabla ya adhuhuri tunajua ni chupa zipi zinastahili gharama ya kupimwa metali maabara. Hata hivyo, maji ya ziwa yana masharti yake. Kwa kuwa bakteria hawa ni wa bahari, kila sampuli lazima iongezwe chumvi hadi asilimia 2. Mwani nao hudanganya: sampuli moja ya kijani kutoka mdomo wa Mirongo ilionekana kuwa na sumu kali, lakini tulipoichuja mwanga ulirudi karibu wote, maana ile rangi ndiyo iliyokuwa ikiuzuia.

Lalamiko langu kubwa ni usafirishaji. Vichupa vinapaswa kukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na muuzaji wetu aliwahi kutuletea boksi ambalo barafu yake ilikwisha yeyuka. Bakteria wale waling'aa kwa unyonge tangu mwanzo. Kwa hiyo pokea mzigo mwenyewe, kisha uwajaribu kwanza kwa salfeti ya zinki, sumu ambayo athari yake kwao inajulikana, kabla ya kuamini jibu lolote.

Kipimo hiki hakitaji jina la sumu. Kwa visima vya ukanda wa dhahabu, ambako hofu ni arseniki, ningependelea bakteria waliobadilishwa vinasaba, ambao jeni yao ya kuhisi arseniki imeunganishwa na jeni ya mwanga, hivyo hung'aa zaidi kadiri arseniki inavyoongezeka; kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Hao huhitaji kibali cha usalama wa bioteknolojia na kuuawa kwa dawa kabla ya kumwagwa.

Mwenye friza ya uhakika na jenereta anunue, ila akusanye sampuli za kutosha kwanza, kwani kichupa kikishatiwa maji hakifiki kesho.